Mkunga wa Mferejini

Kitabu alichokuja nacho yule binti wa idara ya uvuvi kilijaa mikunga watupu, samaki wale warefu kama nyoka. Ukurasa kwa ukurasa, mikunga, wameachama vinywa kana kwamba aliyewapiga picha amewatukania mama zao. Alikitandaza juu ya mkeka wangu, pembeni akaweka kalamu na karatasi yenye vijisanduku, halafu akaniambia kwa adabu, "Dada Tiroia, mimi naitwa Teretia. Nimekuja na ndege ya leo kutoka makao makuu, Tarawa. Naomba unionyeshe ni mkunga gani aliyemuua mzee."

Nilitaka kumfukuza. Baba hajatimiza hata mwezi ardhini, kaburi lake liko pale kando ya nyumba, mawe meupe tuliyoyazungushia bado yanang'aa, na mtu anakuja na picha! Lakini kaka yangu Uriam alikuwa ameketi mlangoni. Yeye ndiye aliyemleta, na Uriam akikaa mlangoni hafukuzwi mtu.

"Mwonyeshe," akasema. "Tuyamalize."

"Si ulisema umeshamweleza kila kitu?"

"Nimemweleza aliyosema baba. Anamtaka aliyemwona mkunga kwa macho."

Aliyemwona kwa macho, kabla hajakatwa vipande, nilikuwa mimi peke yangu.

Nje, nyuma ya mgongo wa Uriam, madema saba ya baba, mitego yake ya kunasia mikunga, yalikuwa yamerundikwa uwanjani na makuti makavu chini yake. Uriam alikuwa ameapa kuyachoma karatasi ya Teretia ikishajazwa. Niliyaona kupitia mlangoni.

Baba yangu, Itaaka, alikuwa mtengenezaji wa madema ya mikunga. Kwetu hii si kazi ya kila mtu. Ni ya ukoo, na kila ukoo una vipimo vyake, upana wa mlango, urefu wa koo la dema, na vipimo hivyo havisemwi mbele ya mgeni. Kila ukoo una pahali pake pa kutegea pia. Petu ni ukingo wa mwamba upande wa bahari kuu, kule mawimbi yanakopasukia, mwendo wa nusu saa juu ya matumbawe maji yakishakupwa. Mkunga wa pale tulimla bila kuuliza. Wa kwingine, hata awe mzuri namna gani, kipande chake kilianikwa kwanza juani juu ya jani, na nzi wakikikataa, mkunga mzima alizikwa. Ndivyo tulivyolelewa, na sikumbuki mtu wa kwetu aliyewahi hata kuharisha kwa ajili ya mkunga.

Miaka minne iliyopita mtoto wa jicho alimfunika baba macho yote mawili. Uriam hakuwahi kuyataka madema. Yeye na injini za boti tu, ananuka petroli mpaka kanisani. Mume wangu Baraniko yuko melini, anazunguka dunia na makontena ya watu wengine. Nikabaki mimi.

"Mimi mikono, wewe macho," baba aliniambia. "Na usinitilie chumvi. Ukiona kahawia, sema kahawia."

Basi nikawa naenda ukingoni, natoa mkunga, nampiga rungu, nakuja kumlaza mapajani mwa baba. Yeye anapapasa kichwa, kisogo, taya. Mimi nataja rangi.

"Madoa?"

"Meusi. Kichwani madogo, mwilini makubwa kama nyayo za mbwa."

"Tundu la shavu?"

"Jeusi."

"Na kisogo hiki kama mto wa kulalia. Huyu ni yule jitu. Mzike mbali, na mbwa asimfukue. Huyu amekula kila mwovu wa baharini na maovu yao yote anayo tumboni."

Siku nyingine anakuja mwingine.

"Madoa?"

"Hana. Ni kahawia tu iliyovurugika vurugika, kama kahawa iliyomwagikia mchanga."

"Tundu la shavu?"

"Jeusi vilevile."

"Ndiyo maana wajinga wanawachanganya. Pezi la mgongo?"

"Lina ukingo wa njano, njano ya kuelekea kijani."

"Haya! Huyo ndiye wetu. Umemtoa wapi?"

"Ukingoni kwetu, baba."

Swali la mwisho lilikuwa hilo kila mara, ingawa alijua fika ninatega wapi. Siku moja nikachoka nikamwambia, baba, wewe nawe, kwani nitamtoa dukani? Akanijibu kwamba mkunga ana majina mawili, la sura yake na la mahali pake, na ukijua moja bado hujamjua.

Halafu ananiambia, "Lete miguu." Ukingoni huendi ukarudi mzima, lazima matumbawe yakukwangue miundi. Alikuwa na chupa yake ya mafuta ya nazi, ananipaka mkwaruzo mmoja mmoja, anaihesabu kwa vidole, ananicheka. "Leo sita! Unatembea kama mtu wa Tarawa." Mimi na miaka yangu thelathini na minane, mama wa watu, baba ananipaka mafuta miguuni. Nilijifanya naona haya. Sikuona haya hata kidogo.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalia kooni.

Baraniko hupiga simu Jumamosi adhuhuri, kwenye simu ya duka la ushirika. Alikuwa hajapiga Jumamosi tano. Wanawake wa dukani walishaanza kunitazama kwa huruma, ile huruma yenye kicheko ndani yake, na mmoja aliniambia, "Bandarini kuna warembo, mama, labda amepotea njia." Ijumaa nilipolibeba dema begani nilipiga hesabu. Kesho yake maji yangekupwa adhuhuri hiyo hiyo. Nikienda ukingoni kulitoa, simu italia nikiwa juu ya mwamba.

Nikatega mferejini.

Mfereji uko hapa karibu, dakika tano. Ulipasuliwa kwa baruti miaka miwili nyuma ili boti zipite. Matumbawe ya pale yalikufa, yakaota utelezi wa kahawia. Siku ile ile ya baruti baba aliniambia, "Mwamba ukifa usitege. Kinachoota juu ya maiti ya mwamba kinaliwa na samaki wadogo, wadogo wanaliwa na wakubwa, na mkubwa wao wote ni mkunga." Nilimsikia vizuri sana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi guu langu halikuvunjika.

Jumamosi kabla ya adhuhuri nikakuta dema limenasa. Mkunga mnene kama paja langu, mzuri, ukingo wa pezi njano kama limao. Nilifurahi! Haki ya Mungu nilifurahi. Dema nililiacha pale pale majini, nikakimbia naye nyumbani, nikamlaza mapajani mwa baba. Akampapasa, akauliza, nikajibu, na yote niliyojibu yalikuwa kweli tupu. Kahawia, kweli. Tundu jeusi, kweli. Njano, kweli.

"Huyo ndiye wetu," akasema, uso umemchangamka. "Tena bwana mkubwa. Umemtoa wapi?"

"Ukingoni kwetu, baba."

"Lete miguu."

Nikampa miguu huku nikitazama jua. Akapitisha vidole kwenye muundi wa kulia, akapitisha wa kushoto. Akarudia wa kulia. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Leo mwamba umekuhurumia," akasema.

"Nimejifunza kutembea, baba!" nikacheka, nikachomoka mbio hadi dukani.

Nilikaa dukani tangu adhuhuri mpaka mwenye duka akafunga mlango. Simu haikulia.

Jioni hiyo Uriam na mkewe walikuja, tukala mkunga kwa magimbi na tui. Kichwa na ini ni heshima ya mwenye dema, hakuna mwingine anayegusa. Baba nilimwekea mimi, kwa mikono yangu, nikamtolea na miba. Baadaye muuguzi alituambia kwamba sumu yake hujazana kwenye ini. Mimi sikuonja, nilikuwa nimenuna kwa ajili ya simu, nikasema sina njaa.

Uriam na mkewe walitapika, midomo ikafa ganzi, na maji baridi yakawa yanawaunguza mikono kama yametoka jikoni. Juma moja wakapona. Baba hakupona. Nilikuwa nikimnywesha maji ya kisimani anapiga kelele kwamba nimemtilia moto kinywani. Baba yangu, niliyekuwa nikimpa maji tangu macho yalipomzimika, analia kwamba ninamchoma.

Jumatatu wazee wa kijiji walikuja na muuguzi, wakamzunguka. Akaomba ainuliwe kidogo. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Nimekosea mimi. Alikuwa yule jitu, nikampapasa vibaya. Mikono imezeeka. Asilaumiwe mtu mwingine."

Jumanne akafa.

Mimi sikuulizwa na mtu, na mimi sikusema.

Kijiji hakikuchelewa. Mtu ambaye maisha yake yote watu walimletea mikunga awatambulishe, wakitoka hata upande wa pili wa kisiwa, sasa akawa mfano wa kuchekesha. Katika maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, bwana mmoja aitwaye Tebano, wa ukoo mwingine wa madema, alimwambia Uriam mbele za watu, "Ninyi sasa tegeni konokono. Konokono hana wa kufananishwa naye." Watu wakacheka, wengine kwa kuficha mdomo. Wazee wakapiga marufuku ukingo wetu. Uriam alirudi nyumbani hajui aweke wapi uso, akaanza kuyashusha madema kutoka darini. Akahesabu, akaniuliza, "La nane liko wapi?"

"Wimbi lilichukua," nikamwambia.

Njia ya mwongo fupi, lakini nami nilikuwa naivuta hivyo hivyo, siku baada ya siku.

Sasa Teretia ameketi mkekani kwangu anafunua kurasa. Jitu nikamwona pichani, na kisogo chake kama mto. Nikatikisa kichwa. Akafunua. Nikaweka kidole.

"Huyu."

Teretia akainama kusoma. "Wa ukingo wa njano? Una hakika? Kaka yako amesema ni ile aina kubwa yenye madoa."

"Nimesema ni huyu."

Uriam akageuka pale mlangoni. "Baba alisema jitu."

"Najua alichosema."

"Sasa wewe unamjua mkunga kuliko baba?"

Teretia akatutazama mmoja mmoja, akaamua kutojiingiza, akaandika. "Sawa. Hata huyu anaweza kuwa na sumu, inategemea mahali. Alikamatwa wapi?"

Baba angempenda msichana huyu. Ndivyo nilivyowaza, na machozi yakaanza kunitoka bila ruhusa yangu.

"Ukingoni kwetu," Uriam akajibu kwa niaba yangu. "Andika, dada. Mwenzio analia, usimsumbue."

"Basi nitashauri ukingo ule ufungwe kabisa." Kalamu ikatembea. "Na mfereji je? Nimewaona watoto pale nilipokuwa nakuja."

"Mfereji hauna neno. Wanavua pale kila siku."

"Vizuri. Mfereji ubaki wazi."

Kelele za watoto wa mferejini zilikuwa zinasikika mpaka ndani, wanagombania ndoano, na sauti mojawapo ilikuwa ya binti yangu wa mwisho.

"Futa," nikasema.

"Dada?"

"Futa ulichoandika! Hakutoka ukingoni. Nilimtoa mferejini. Mimi. Nilitega mferejini niwahi simu ya mume, na baba aliponiuliza nikamdanganya. Baba hakukosea. Alimtambua sawasawa, na mimi nilimtambua sawasawa. Nilimnyima jina la pili, basi."

Nilitegemea Uriam aninyanyukie. Angenipiga ningeshukuru. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, ananitazama kama anatafuta mahali pa kunianzia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Dema la nane?"

"Liko huko huko."

Tukaenda watatu. Niliwafukuza watoto majini kwa matusi ambayo Teretia hakuyatarajia kutoka kwa mfiwa. Kamba ilikuwa bado imefungwa penye jiwe, imeota utelezi. Uriam, asiyewahi kutega wala kuvuta dema tangu utoto, ndiye aliyelivuta. Ndani yake alikuwamo mkunga, hai, anazungukazunguka, ukingo wa pezi njano kama limao.

Teretia akamkata kipande cha kwenda kupimwa sumu, akakitia kwenye mfuko na barafu. Akasema majibu yatakuja baada ya majuma kadhaa, lakini kwa kuutazama tu mfereji ule, yeye asingempa hata paka samaki wa pale. Akaandika upya karatasi yake pale pale juu ya jiwe, akanionyesha nisome. Palipoandikwa aina, pezi la ukingo wa njano. Palipoandikwa mahali, mferejini. Aliponiuliza aliyemtambua awekwe nani, nikamwambia andika Itaaka.

Uriam alisubiri mpaka Teretia ametangulia.

"Baba alijua?" akauliza.

Hapo ndipo palipobaki, na hapo ndipo sikutaka pafikiwe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikungoja pole, nikamwambia yote.

Jumanne asubuhi, muuguzi amekwenda kuchota maji, baba aliniita karibu. Hakuwa na nguvu ya kukaa. Akatafuta miundi yangu kwa mkono, akaipata, akaipapasa, mikavu, misafi. Akasema, "Nilikuwa na mikono yangu, na nilikuwa na neno lako. Nikachukua neno lako." Nikaanza kulia, nikataka kusema. Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Nimeshawaambia nimekosea mimi. Mzee kipofu akikosea watu wanasahau. Wewe bado una miaka ya kukaa na watu hawa." Muuguzi akaingia na ndoo, na baba hakusema neno jingine kwangu mpaka alipokata roho.

Uriam alisikiliza mpaka mwisho. Dema lilikuwa begani kwake linachuruzika maji.

"Ukamwacha azikwe kama mjinga," akasema.

"Ndiyo."

"Majuma yote haya wanamcheka, na wewe unasikia."

"Nasikia, ndiyo."

Akaondoka. Alipofika nyumbani hakuyachoma madema. Aliyarudisha darini moja moja, na la nane juu yake. Mpaka leo anakuja nyumbani, analeta samaki, anawasalimia wanangu. Kwangu anaitikia tu.

Mkutano uliofuata nilisimama katika maneaba mimi mwenyewe. Nilisema kila kitu, na simu nikaitaja, na miguu nikaitaja. Hakuna aliyecheka. Tebano akainuka akasema, "Itaaka hakukosea. Nilimdhihaki mtu ambaye hakukosea," akaketi. Wazee wakaufungulia ukingo wetu na kuufunga mfereji. Wanawake wa dukani hawaniambii tena habari za warembo wa bandarini. Wakiniona wanaangalia pembeni, na hilo ndilo baba alilokuwa akiliogopa kwa ajili yangu.

Baraniko alipiga Jumamosi moja baadaye. Meli yao ilikuwa imeharibika injini katikati ya bahari, hawakuwa na mawasiliano. Akauliza, "Mzee hajambo?"

Juzi nililibeba dema la nane mpaka ukingoni, nikategea pale pale petu. Jana nikalitoa. Mawimbi yalikuwa makali, nikaanguka mara mbili, nikarudi na mkunga begani na damu inanichuruzika mpaka vidoleni. Sikumpeleka jikoni. Nilimlaza juu ya mawe meupe ya kaburi la baba, nikaketi kando yake, nikasema kwa sauti, wapita njia wasikie wasisikie.

"Hana madoa, baba. Ni kahawia iliyovurugika. Tundu la shavu jeusi. Pezi lina ukingo wa njano, njano ya kuelekea kijani." Nikanyamaza kidogo, mahali ambapo yeye huuliza. "Nimemtoa ukingoni kwetu."

Nikanyoosha miguu. Chupa yake ya mafuta ilikuwa imebaki robo. Nikajipaka mwenyewe, nikihesabu kwa vidole kama alivyokuwa akihesabu. Ilikuwa mikwaruzo tisa.